Diski Iliyofia Mikumi

Kimamba,
Jumanne, mwezi wa nane

Mwanangu Upendo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mume wako Cosmas na hao wajukuu zangu wawili ninaowajua kwa picha tu. Pokea marahaba yako kabla hujaamkia, maana najua ungeamkia. Mimi mama yako ninapumua. Magoti yananiuma asubuhi, yananiuma mchana, jioni nayasahau kwa sababu mgongo unakuwa umeanza. Meno yamebaki manne na hayakutani. Chakula kipo, mahindi mwaka huu yalikubali, na yale yaliyosazwa na mafuriko ya Mkondoa nimeyavuna kwa mikono yangu. Nataka kusikia na wewe kama kifua kimepona, na kama baridi ya huko Songea imekuachia mwili, maana ulipopiga simu Pasaka ulikohoa mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

Barua hii naisema kwa mdomo na inaandikwa na mama mmoja wa hapa Kimamba mwenye duka la fotokopi. Anaitwa mama Happyness. Hanijui, simjui, ndiyo maana nimemchagua. Kwetu Kilosa wapo watu kumi wa kuniandikia, na kesho yake ningesalimiwa sokoni kwa maneno yangu mwenyewe. Nimemwapisha aandike kila neno kama linavyotoka, asinipambie, asiniwekee adabu ambayo sikuitamka. Mwanao Frank ndiye aliyenileta kwa pikipiki. Yuko nje kwenye kibaraza, anadhani nakuandikia habari za shamba la marehemu mjomba wako.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungelia, na ukilia mimi huwa naacha nilichokuwa nasema nianze kukubembeleza, halafu salio linaisha. Karatasi hailii.

Uliniuliza mara mbili, zile hela ulizotuma mwezi wa tatu tulinunua diski gani, ya kizamani au hii mpya, na mimi mara mbili nikakuambia sauti inakatika. Ilikuwa haikatiki. Jibu ni hili: tulinunua mpya, ile wanayoiita SSD. Ni nyepesi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni kilichokwisha kufulia mara tatu. Kompyuta yako siku hizi ukiibonyeza inawaka kabla sijakalisha makalio. Haikoromi, haipati moto. Na ndani haina kitu. Nitakueleza ilivyopata kuwa tupu, ila maliza kwanza kazi uliyoshika, ukae.

Nianzie mbali kidogo. Kompyuta ile uliituma Frank alipomaliza kidato cha nne. Ulisema utakuja nayo mwenyewe. Ikaja peke yake kwenye buti la basi, imefungiwa kigodoro. Tukaiweka sebuleni, nikaifunika kitambaa changu cha kufuma. Baadaye Frank akapata kazi Mikumi, ya kusaidia dereva wa magari ya wageni, akauziwa kamera na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Tangu hapo kila alipopita hifadhini alikuwa anapiga picha, zile za kutembea. Twiga wanavuka lami na malori yamesimama pande zote. Tembo ananusa basi bovu. Kuna nyati aliyegongwa usiku, na mwenzake akasimama pembeni yake, hakuondoka hata jua lilipotoka. Hiyo alinionyesha mara nyingi kwa sababu nilimwomba. Siku za mapumziko alikuja Kilosa akakaa mbele ya kompyuta anaunganisha hizo picha mpaka ugali unaota ngozi. Miaka minne, Upendo. Kazi yote ilikuwa ndani ya boksi lile na kwingine hakuna.

Mwezi wa pili mwaka huu wakamwandikia watu fulani wa Arusha wanaotengeneza filamu za wanyama. Walikuwa wameona kipande chake kimoja kwenye mtandao. Wakamtaka awatumie kazi zake zote, zilivyopigwa, bila kukatwakatwa, kabla mwezi wa nne haujaisha. Wakizipenda, wangemchukua miaka mitatu, na baada ya hapo huenda wakamvusha mpaka nje ya nchi. Frank alinikuta jikoni, akaninyanyua na ungo wangu mkononi, pumba zikamwagika. Nikamwambia Mungu ni mwema. Aliponiweka chini nikageukia sufuria, nikayaacha maharage yaungue huku nayaangalia.

Mwezi wa tatu ulipoingia, kompyuta ikaanza kukwaruza kama panya anayetafuna bati. Frank akapauka. Akampigia rafiki yake, fundi wa kompyuta wa Mikumi, naye akamwambia asiiwashe tena, ailete upesi, diski inakufa. Frank akaibeba akaiacha kwa fundi, na siku ileile akaambiwa aingie hifadhini na wageni siku nne. Zile hela zako, ulizotuma uliposikia diski inakufa, zilikuwa zimefika kwenye simu yangu. Mimi situmi hela kwa kubonyeza. Nataka nione mkono unaopokea na kitu kinachonunuliwa. Nikazitoa kwa wakala, nikazifunga kwenye pindo la kanga, nikaenda Mikumi.

Fundi mwenyewe humjui. Anaitwa Mashauri. Ni Msukuma, baba yake alishuka na ng'ombe mpaka pande za Magole wewe ukiwa umekwisha kuondoka. Yeye ng'ombe zilimshinda, akasomea ufundi, akafungua kibanda Mikumi karibu na maegesho ya malori. Alikuwa na Frank kama chanda na pete, wanavaliana mashati, hujui la nani ni lipi. Na kwa kuwa Wasukuma ni watani wetu sisi Wakaguru, mimi na yeye tukikutana adabu tunaivua na viatu mlangoni. Nakukumbusha hili kwa sababu umekaa ugenini. Siku hizi huku mkulima na mfugaji wanatoleana mapanga kwa sababu ya mahindi yaliyolishwa, lakini utani bado upo.

Basi aliniamkia vizuri, shikamoo yote, akanipokea kikapu, ndipo akaanza. Akasema Mkaguru akiingia mjini mbuzi wanahama, kwa sababu anawamalizia majani. Nikamwambia bora mla majani kuliko mtu anayejua majina ya ng'ombe mia na watoto wake mwenyewe anawaita wewe na wewe. Akasema mimi ni mtumwa wake, babu yake alinisahau njiani akiwa anabeba pembe kwenda pwani. Nikasema kumbe ndiye babu yake yule, tulimuuzia maji hakulipa, na deni lake leo nitalichukua kwa huyu mjukuu. Wateja wakacheka, mmoja akanipisha kiti.

Akaniwekea diski mbili mezani. Ile nzito, akasema, ni hadidiski, ndiyo kama ya kwetu. Alikuwa na nyingine iliyokufa zamani, akaifungua ili nione. Ndani mna sahani inayong'aa kama kioo, na juu yake mkono mwembamba. Nikamwambia hii ni santuri ya marehemu mume wangu. Akasema bibi huna shule ila una akili, wenye shule nawaeleza siku mbili. Akanieleza kwamba sahani inazunguka kwa kasi na ule mkono hauigusi, kati yao pana nafasi ndogo kuliko unywele. Ikiwa imezimwa, unaweza kuibeba kwenye kikapu na nyanya. Ikiwa inazunguka, ukiitikisa tu, mkono unaikwaruza sahani, na vilivyoandikwa vinakwenda, havirudi.

Ile nyepesi ndiyo SSD. Haina kinachozunguka. Ukiiangusha unaiokota, kazi inaendelea. Ina mbio. Lakini na yenyewe ina ubaya wake: ya kuzunguka ikiugua mara nyingi inakoroma, inakwaruza, unapata muda wa kuita fundi; hii nyingine inaweza kufa bila kuaga, jana nzima, leo ukiiita haiitiki. Nikamwambia ya kwanza ni mume wangu, ya pili ni mwanangu wa kwanza. Hapo hakutania. Akapangusa meza isiyokuwa na vumbi.

Hela zako zilitosha moja tu. Hadidiski ingezimeza kazi zote za Frank na nafasi ikabaki. SSD ya bei ileile isingebeba hata robo. Mashauri akasema mwenye kompyuta ya kuandikia barua na kutazamia mpira achukue SSD, hatajuta. Ila mwenye picha nyingi na mfuko mwembamba achukue ya kuzunguka, akubali kusubiri. Na Frank alikwisha kutoa agizo: ya kuzunguka, kubwa, hamisha kila kitu. Nikafungua pindo nikalipa.

Akaitoa diski yetu kwenye boksi, akailaza mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa, nyaya zikienda kwenye kompyuta yake, na ile mpya kando. Ikaanza kuhama polepole. Kazi ya kutwa. Mara tatu aliniomba nikae mbali na meza, akasema huyu ni mgonjwa, tumbembeleze afike jioni. Saa nane kikaja chakula, wali na samaki. Na mchana huohuo diski ya zamani ikawa inalia ka, ka, ka, haisomeki. Vilivyokuwa vimehama ni picha za harusi ya jirani na nyimbo za kwaya. Wanyama wote wa Frank walikuwa wamebaki upande ule.

Mashauri aliipeleka mpaka Morogoro kwa nauli yake, kwa fundi mkubwa kuliko yeye. Huko wakaifungua, wakamwambia sahani imekwaruzika, hakuna cha kuokoa.

Frank alipotoka hifadhini alifikia kibandani na vumbi lake. Nilikuwa nimerudi Mikumi nimsubiri. Akauliza imekuwaje. Mashauri akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyeeleza: kwamba huyu ndugu yako alikuwa anakula juu ya meza, akaipiga kwa kiwiko. Frank akamuuliza kama ni kweli. Mashauri akasema bibi amekwisha kusema. Basi. Frank hakupaza sauti. Akamwambia mikono ya kukamulia ng'ombe irudi kwa ng'ombe. Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe kwa Wasukuma mara mia, tukacheka. Frank aliyasema na macho makavu, na kila aliyekuwepo alielewa kwamba haukuwa utani.

Ile hadidiski mpya, Mashauri aliyetuuzia akakubali kuipokea tena. Frank akasema ya nini tena kubwa, ghala bila mahindi. Akachukua SSD. Ndivyo tulivyochagua, mwanangu. Umepata jibu lako.

Mwezi wa nne ukaisha. Watu wa Arusha waliandika mara moja zaidi, kisha wakachukua mwingine. Frank akaacha kazi ya wageni, akauza kamera, akatafuta pikipiki ya kubebea abiria, akahamia kwangu moja kwa moja. Na kila abiria aliyempandisha Mikumi hadi Kilosa alimweleza habari za fundi anayekula juu ya kazi za watu. Mdomo ni kitu kibaya. Hazikupita wiki tano, Mashauri hana mteja. Alifunga kibanda akarudi Magole kwa kaka zake, kwenye ng'ombe aliowakimbia. Mke wake, Limi, ana mimba kubwa na anauza maziwa barabarani. Nimemwona kwa macho yangu. Aliniamkia.

Mwezi wa sita akafa kaka yangu Elia, mjomba wako. Rambirambi yako ilifika, wewe hukufika. Tulimzika kwao Berega. Unajua watani hawaalikwi msibani, wanakuja. Mashauri alikuja kutoka Magole na debe la maziwa. Wakati wa kutoa mwili akalala kizingitini, kama desturi, akasema maiti haipiti mpaka apewe chake. Akapewa kuku. Akasema kuku huyu amekonda kama wenyewe. Waliokuwa wanalia wakaanza kuziba midomo.

Akaingia ndani, akatoka amevaa kanga yangu na kilemba changu, na fimbo yangu mkononi, anatembea kama mimi, goti hili, goti lile. Akachukua kipande cha sabuni cha kuoshea vyombo, akakiweka juu ya kigoda. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akakinyanyua akakipiga kwenye kigoda, mara moja, mara mbili, mara tatu. Akakirudisha mahali pake, akapangusa mikono kwenye kanga, akaketi na kusema kwa sauti yangu hasa: Msukuma huyu amekula juu ya meza.

Watu walilala chini kwa kicheko. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nilicheka kuliko wote, Upendo, machozi yakanitoka, wanawake wakasema bibi Raheli anaujua utani, hata leo na kaka yake yuko ndani ya sanduku.

Frank hakucheka. Yeye aliona anadhihakiwa kwa hasara yake na bibi yake anasingiziwa. Akavuka uwanja akampiga Mashauri ngumi ya mdomo, damu ikamwagikia kanga yangu. Kumpiga mtani msibani, wewe unajua. Wazee waliusimamisha mwili palepale, wakamtoza Frank mbuzi. Mashauri akasema mbuzi hamtaki. Akavua kanga, akaikunja vizuri na damu yake ndani, akanipa kwa mikono miwili, akaniambia shikamoo bibi. Mtani akikuamkia katikati ya utani, amekuvua utani. Aliondoka kabla hatujafukia.

Sasa nisikilize, na wewe mama Happyness andika, usiniangalie.

Alichokiigiza Mashauri ndicho kilichotokea. Hakuongeza wala hakupunguza, ila ilikuwa diski na si sabuni.

Hakuwa anakula juu ya meza. Alikuwa ametoka kunitafutia mimi huo wali na samaki, kwa sababu hakutaka nirudi Kilosa na njaa. Nilibaki peke yangu. Niliweka kiganja juu ya ile diski, ilikuwa ya moto kama mtoto mwenye homa, na inatetemeka. Asije mtu akanitetea kwamba bibi hakusoma, hakujua. Nilifundishwa asubuhi ileile, na nilikuwa mwanafunzi mzuri. Niliinyanyua nyaya zikining'inia, nikaipiga mezani. Mara ya kwanza iliendelea. Ya pili ikalia. Ya tatu haikuwa na sababu. Kisha nikakaa kwenye kiti changu.

Mashauri alirudi na sahani mbili zimefunikwa. Akasikia mlio. Akaona kitambaa kimekunjamana. Alisema tu, bibi. Nikamtania, nikasema ng'ombe wako amepita hapa. Alichomoa nyaya. Alinisindikiza mpaka kituoni amebeba kikapu changu, na pale akaniambia ananipa muda nimweleze Frank mwenyewe, maana si vizuri kijana asikie habari za bibi yake kwa mtu wa nje. Siku nne baadaye nikamsingizia kiwiko mbele ya Frank, akanipa muda tena. Akafunga kibanda, akanipa muda. Msibani ndipo aliposema, kwa njia pekee ambayo kijana anaweza kumsema bibi wa mwenzake mbele za watu, na sisi tukamlipa kuku mmoja na ngumi.

Utaniuliza kwa nini. Uliniachia mtoto wa miaka mitano ukasema miaka miwili tu, mama, nijipange. Imekuwa kumi na tisa. Watu huwaambia mama zao kwamba hawawalaumu. Mimi mama nakulaumu, na chakula nakupikia ukija. Baba yako amekufa, kaka yako amekufa. Frank ndiye anayenikata kucha za miguu, kwa sababu siwezi kuinama. Ananishika kisigino kama yai. Nilimwona anakwenda Arusha, kisha huko nje, na mimi nazikwa na kucha ndefu. Hiyo ndiyo sababu yangu, na ni ndogo hivyohivyo unavyoiona.

Nikampata. Yupo. Anarudi saa kumi na mbili, anakula, analala. Madereva wananiambia hata twiga akisimama barabarani yeye hageuzi shingo, anapiga honi. Jumamosi iliyopita alikuwa amekaa na miguu yangu mapajani, anakata, akasema duniani hapa hakubaki mtu asiyemdanganya ila mimi. Nilimwacha akamaliza mguu wa pili. Nikajitazama nimemwacha amalize, ndipo nikasema anilete Kimamba.

Hapa namwambia mama Happyness aweke kalamu chini. Namwita Frank aingie asomewe yote, toka salamu, pamoja na kucha, na mimi nimekaa hapahapa anione uso.

Kalamu imerudi. Amesomewa. Alisimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi, mpaka mwisho. Mama huyu alikwama pale pa kupiga mezani, nikamwambia asiruke. Frank hakulia, hakunitukana. Aliuliza kama Mashauri bado yuko Magole. Nikasema yupo. Kisha akasema, taratibu, kama anayemuelekeza mgeni njia: bibi, ungeniambia nisiende, nisingekwenda. Nikamwomba arudie. Hakurudia. Ametoka, na pikipiki nimeisikia ikishika njia ya Dumila, ya kwenda Magole. Ya Kilosa ameiacha.

Sikujua, Upendo. Nimemlea miaka yote hiyo na sikujua kwamba angeweza kuambiwa. Wewe nilikuambia usiende, nikakushika mkoba, ukaenda. Nikadhani watoto wa tumbo hili wote mko hivyo.

Mama Happyness anasema karatasi inafika ukingoni. Msalimie Cosmas, mwambie afumbe macho anapokula pilipili, kwenye ile picha alinitia hofu. Wajukuu waambie bibi yao yupo na ana mdomo. Kunywa majani ya mpera kwa kifua hicho. Hela usinitumie mwezi huu. Kama una nauli, njoo. Kama huna, kaa, lakini usiniambie unakuja. Salamu za Frank hazimo humu, hakuziacha.

Ni mimi mama yako,
Raheli.
Jina ameliandika mwenzangu. Hilo dole gumba hapo chini ndilo langu.